Siku Tisa kwenye Kikaango cha Mama Mkwe

Niliripoti kazini siku ya Ijumaa, saa moja asubuhi, nikiwa nimevaa aproni ya mke wangu yenye maua. Nawaandikia vijana, maana siku hizi kila mtu anaandika kumbukumbu za utumishi wake, nami sioni sababu ya kubaki nyuma. Wengine walitumikia miaka arobaini. Mimi nilitumikia siku tisa, katika jiko la nyumbani kwangu hapa Songea, na tangu nizaliwe sijapata kushtuka mara nyingi namna ile katika muda mfupi namna ile.

Sifa zangu za kuajiriwa zilikuwa hizi: shahada mbili za chuo kikuu, na miaka mingi ya kuandika ripoti za miradi ya kilimo. Ripoti moja, yenye kurasa tisini, ilihusu kuongeza thamani ya kiazi mviringo. Nilipoiandika nilikuwa sijamenya kiazi hata kimoja. Mradi uliisha, nami nikaisha nao, nikarudi nyumbani kukaa barazani na kusoma magazeti ya jana.

Ndipo mama mkwe wangu alipoteleza kwenye ngazi za kanisa kijijini kwao, upande wa Mbinga, akavunjika mkono wa kulia. Hospitalini walimfunga hogo, ile plasta ngumu, wakamwambia avumilie wiki kadhaa. Akafikia kwetu, kwenye chumba cha uani.

Mama huyu alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya misheni tangu usichana wake hadi alipostaafu. Chakula kilichompa jina kilikuwa kimoja: viazi vilivyokwaruzwa, vikabanwa kwenye kikaango na jibini katikati, vikakaangwa hadi vikawa vya dhahabu na vikavu pande zote mbili. Wapishi wenzake walikiita chapati ya viazi. Aliyemfundisha ni sista mmoja kutoka Ulaya, bosi wake wa miaka yote. Sasa sista huyo, ambaye umri umemlemea kuliko mama, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Angepita Songea Jumamosi ya wiki iliyofuata kuja kuaga.

"Maisha yangu yote nimempikia kwenye meza yake," mama alimwambia mke wangu kwenye simu, kwa sauti niliyoisikia hadi barazani. "Lazima ale mara moja kwenye meza ya kwetu. Asipokula Jumamosi hiyo, hatakula tena."

Mkono ulikuwa mmoja, na wa kushoto. Mke wangu anafundisha Namtumbo, na wiki hizo alikuwa amebanwa na mitihani. Akanipigia.

"Utapika wewe," akasema.

"Mimi?"

"Hapo nyumbani kuna mwanamume mwingine asiye na kazi?"

"Lakini mama yako hata kunitazama hanitazami!"

"Basi atakusikiliza," akasema, akakata simu.

Hapo inabidi nieleze. Mama mkwe wangu alilelewa kwamba mama na mkwewe mwanamume hawatazamani usoni, hawali meza moja, wala hawasemeshani ana kwa ana. Siku hizi mjini watu wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Yeye hapana. Kwa miaka kumi na saba ya ndoa yangu, nikimwamkia "Shikamoo, mama," aliitikia "Marahaba" akitazama ukuta. Kwa hiyo nilijiuliza mkuu wa kazi asiyesema na mtumishi wake atatoaje amri.

Jiko letu liko uani, lina tundu za matofali upande mmoja. Mama aliweka kigoda chake nje ya tundu hizo, akanipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na kuku wetu mwekundu akiparuaparua.

"Wewe kuku," mama akasema.

Nilidhani hogo limempandisha homa.

"Wewe kuku, mwambie huyo aliye jikoni: hicho kiazi anakimenya au anachonga mwiko? Nusu nzima imekwenda na maganda."

Nilisimama na kisu mkononi, nimeduwaa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Katika utumishi wangu wote amri zilipitia kwa kuku, na nawahakikishia kwamba nimefanya kazi chini ya wakurugenzi ambao amri zao hazikuwa wazi kiasi kile.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa viazi vyenyewe. Nilivimenya vibichi, nikavikwaruza kwa kile kikwaruzo cha karoti, kisha, kwa usafi wa msomi, nikaviosha mara tatu. Kwenye kikaango vikatawanyika kama watu waliosikia risasi.

"Kuku, ameosha," mama akasema bila kugeuka. Alikuwa amesikia maji. "Mwambie ule weupe anaoumwaga ndio gundi. Viazi havioshwi baada ya kukwaruzwa. Na vichemshwe leo na maganda yake, visiive, mtu akichoma kisu kikatae katikati. Vilale. Kesho ndiyo vimenywe."

Jumapili nilivichemsha nikasahau, nikapata chakula cha mtoto asiye na meno. Jumatatu nilihamishiwa kituo cha jibini. Ilikuwa jibini ya misheni, ngumu, yenye harufu ya soksi za padri aliyetembea safari ndefu. Niliichanganya na viazi nikidhani ndivyo ilivyo. Ikayeyuka, ikafika chini, ikashika chuma, nikakitoa kile chakula kwa patasi ya seremala.

"Jibini ilale katikati kama mgonjwa," kuku akaambiwa. "Viazi chini, viazi juu. Isiguse chuma, isiguse ukingo."

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa ukoko. Kwetu ukoko ni ule wali au ugali unaogandia chini ya sufuria, watoto wakaugombea, mama akalalamika kwamba moto ulizidi. Kumbe kuna watu duniani wanaupika ukoko kwa makusudi, juu na chini, na kila kilichobaki katikati ni kisingizio tu! Nilikaa kwenye ndoo kwa dakika nzima nikilitafakari hilo.

Siri yake ilikuwa sikioni. Makaa machache, samli kijiko kimoja, viazi vikandamizwe kwa mgongo wa mwiko, kisha usiguse. Mwanzoni sauti ni nzito, kama mvua juu ya bati. Hayo ni maji ya kiazi yanatoka. Ukigeuza hapo umekwisha. Baadaye sauti inapungua, inakuwa nyepesi na kavu, kama mtu anayetembea juu ya majani ya muhindi. Hapo ndipo pa kugeuza. Mama alijua yote hayo akiwa amenipa mgongo.

Alhamisi nikajitia ujasiri. "Kuku," nikasema, "muulize mama, ladha yenyewe inatakiwa iweje?"

Mama alimtupia kuku ganda la kiazi.

"Ladha ni ya mlaji," mama akajibu. "Mpishi asikilize."

Niliona ni jibu la kifalsafa, nikataka hata kuliandika mahali.

Jumamosi ilifika na ubaridi wa Julai, ukungu hadi kwenye madirisha. Jibini iliyobaki ilitosha kikaango kimoja tu. Nyingine yote nilikuwa nimeimaliza kwenye mafunzo. Sista angefika saa tano. Saa nne na nusu nilipanga viazi, jibini, viazi, nikakandamiza, nikanyamaza. Mvua juu ya bati. Kisha ikaanza kupungua.

Kugeuza ni hivi: unafunika kikaango kwa mfuniko bapa wa sufuria, unabana, unapindua vyote kwa mara moja, halafu unakitelezesha chakula kirudi upande wa pili. Kikaango kile ni cha chuma kizito. Siku tatu mfululizo kilikuwa kimenishinda, nusu ya chakula ikaenda kwa kuku. Sasa majani ya muhindi yalikuwa yanasikika, na mikono yangu ikakataa. Nilisimama. Harufu ikaanza kubadilika.

"Kuku, mwambie ageuze," mama akasema.

Sikutikisika.

"Kuku, mwambie!"

Kisha nikasikia kigoda kikianguka. "Baba Neema! Geuza! Kinaungua, geuza!"

Alikuwa mlangoni. Alikuwa ndani. Akashika mfuniko kwa mkono wake wa kushoto, akaubana juu ya kikaango, akaniangalia usoni. Macho yake ni ya kahawia hafifu, sawasawa na ya mke wangu. Miaka kumi na saba nilikuwa sijui.

"Moja," akasema. "Mbili."

Tukapindua pamoja. Kikatoka kizima, cha dhahabu, ukingoni kimekolea kidogo kama mkate wa tanuri. Mama aliweka mfuniko chini, akatoka, akainua kigoda chake, akakaa, na kwa nusu saa hakusema na mimi wala na kuku.

Sista alikuja akiegemea mkongojo. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Nikaweka sahani mezani, kwenye baraza ya uani iliyo jirani na jiko, nikarudi jikoni, maana meza ile haikuwa yangu. Lakini tundu za matofali hazichagui msikilizaji.

"Agatha," nikamsikia Sista akisema, "na mkono huo umepikaje?"

"Nimesaidiwa na mtu wa hapa nyumbani."

Nikavimba kichwa. Nikasikia karatasi ikifunguliwa.

"Nimekuletea jibini ya misheni. Ile ngumu, unayoipenda."

"Asante sana, Sista. Wajukuu watakula."

"Na wewe je?"

"Mimi sijui ladha yake, Sista."

"Agatha, usinitanie."

"Sikutanii."

"Umeipika tangu u msichana!"

"Nimeipika. Sijaila."

Siku tisa nilikuwa nimeongozwa na mtu asiyewahi kukitia kinywani chakula alichokuwa akinifundisha, na sikuwahi kudhani.

"Kwa nini?" Sista akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Siku yangu ya kwanza ulisema cha wageni hakionjwi."

"Wiki ile!" Mkongojo ukaanguka sakafuni. "Wiki ile tu, Agatha! Wageni walikuwa wengi, jibini ilikuwa haba. Ilikuwa wiki ile tu."

"Hukusema imekwisha."

Kisha nikasikia kisu kikivunja ukoko, na sahani ikisukumwa juu ya meza.

"Kula," Sista akasema. "Tafadhali."

Nikamsikia mama akitafuna ukoko, polepole sana.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema. Akatafuna tena. "Kumbe ndiyo hivi, Sista." Na baada ya kitambo: "Nikatie kingine."

Vijana wangu, waliostaafu hupenda kuwaachia wenzao mawaidha. Mimi ninalo moja. Katika ripoti zangu zote niliwahi kuhesabu viazi, wakulima, hata magunia, lakini sikuwahi kumuuliza mpishi kama amekula. Ningeuliza siku ya kwanza, ningekuwa nimejifunza kitu kikubwa kuliko kugeuza kikaango.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Alikuwa Sista, na sahani tupu mkononi, na ile jibini chini ya kwapa. Macho yalikuwa mekundu.

"Kimekwisha," akasema. "Na bado anataka. Kuna viazi?"

"Vipo viwili vilivyolala, Sista."

"Nipishe, mwanangu." Akakunja mikono ya joho lake hadi viwikoni, akanyoosha mkono kuomba aproni.

Hapo nikastaafu. Nilimvalisha yale maua, nikampisha, nikatoka uani. Kule barazani mama mkwe wangu alikuwa amekaa peke yake mezani, akisubiri kupikiwa na kuletewa chakula, akiuhamisha mkono wake mzima kutoka mezani hadi mapajani, na kutoka mapajani hadi mezani, asijue pa kuuweka.