Mpiga Mluzi Kwenye Masafa Yetu

Fundi friji alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule asiyemjua hata kwa sura. Na haki alikuwa nayo, tusidanganyane. Mmekaa mnaongea, watu wazima, kila mmoja na leseni yake, mara anatokea mtu asiye na jina anapiga mluzi juu ya maneno yenu mpaka mnashindwa kusikilizana. Siku ya kwanza unasema bahati mbaya. Akirudi kila siku utasemaje?

Walikuwa na kikao cha jioni, watu sita saba wa redio za ridhaa, kila mmoja mji wake, wanapokezana zamu kwenye masafa yale yale: mmoja anabonyeza kitufe anaongea, akiachia mwingine anaingia. Mwenyekiti wao alikuwa mfamasia. Kwa fundi, kikao kile kilikuwa na sababu moja tu, nayo ni dada yake mkubwa. Mkunga mstaafu, mjane, kavunjika nyonga, yuko peke yake mlimani ambako simu haishiki mpaka upande kileleni, na kileleni, kwa nyonga ile, asahau. Asubuhi jirani humletea maji. Baada ya hapo ni yeye na redio aliyoachiwa na marehemu mumewe, basi.

Na alikuwa na maneno yule mama. Humwuliza mfamasia habari za miguu yake, humkaripia fundi kama mtoto mbele ya watu wote, naye fundi na mvi zake anaitikia, "Naam, dada." Jioni hizo ndizo zilizomweka dada karibu na watu.

Sasa huyu mshenzi humngoja hapo hapo. Dada akianza kueleza alivyoamka, fyuuu. Akirudia, fyuuu. Mamlaka waliandikiwa, wakajibu kwamba suala linafanyiwa kazi, na mpaka leo linafanyiwa kazi. Kanuni ya watu wa redio nayo inajulikana: mvurugaji hajibiwi. Ukimjibu umempa kichwa. Nyamaza, atachoka mwenyewe. Wakanyamaza mpaka wakachoka wao.

"Hata mbu ana aibu kuliko huyu," fundi alimwambia mkewe, akikibwaga kipaza sauti mezani.

"Mbu mpige kofi," mkewe akasema. "Meza yangu imekukosea nini?"

Mwishowe mfamasia akawapigia simu mmoja mmoja: tuhame. Tuna masafa mapya, twende kimya kimya, kutangaza hewani ni kumkaribisha na yeye. Fundi alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Shida ilikuwa dada. Redio yake ilikuwa ya zamani, ile ya kuchomeka kristali, kipande kidogo kama kifungo cha koti, na kristali moja ni masafa mamoja. Ili ahame alihitaji kristali nyingine.

"Hiyo niachieni mimi," fundi akasema. "Wiki hii hii nampelekea."

Wiki hiyo likaharibika friji la bucha. Iliyofuata, la hoteli. Kule kwenye masafa mapya raha tupu, watu wanasikilizana mpaka wanapumua. Wakimwuliza habari za dada, fundi husema, "Yupo, anajua nahangaika." Anajua wapi? Nani alimwambia? Hata jirani wa maji hakupelekewa ujumbe.

Jioni moja, kazi zimemchosha na anataka kitu cha kumfurahisha, fundi akazungusha kitufe cha redio kurudi masafa ya zamani. Alitaka kumsikia yule mshenzi akijipigia mluzi peke yake, amcheke.

Akamsikia dada.

"Haya, umekula leo? Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Fyuu. Fyuu.

"Unaishi peke yako?"

Fyuu.

"Basi kachemshe hata yai. Nenda, mimi nipo."

Damu ilimpanda fundi mpaka masikio yakaziba. Watu wazima wamehama kwao kwa sababu ya mtu huyu, na leo anachemshiwa mayai. Akabonyeza.

"Dada, unaongea na nani? Huyo ndiye aliyetufukuza. Huyo ndiye alikuwa anakukatiza wewe, kila siku. Hajibiwi huyo, kanuni unaijua."

Akaachia. Sauti ya dada ikaja polepole.

"Mdogo wangu. Mimi nilijua umekufa."

"Dada..."

"Nimewaita, mmoja mmoja, kwa majina. Jioni ya pili nikawaita tena. Nikamwombea mfamasia. Wewe nikakulilia. Anayeitika ni huyu peke yake."

"Lakini alikuwa anakuvuruga, dada."

"Alinivuruga, ndiyo. Wewe ulinihama."

Fundi akabonyeza. Hasira ya miezi yote ilikuwa imemjaa kifuani, tayari kabisa, na ghafla hakujua amtolee nani. Akakaa na kitufe kidoleni, kinywa wazi. Mkewe akasimama mlangoni akimtazama. Alipoachia, dada alikuwa anamsubiri.

"Kama huna la kusema, tuachie hewa," akasema. "Huyu bado hajala."