Kikombe cha Mtu wa Nyumbani

Kwetu Tanga, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilifungiwa kabatini vikingoja wageni. Mimi nilinywea chai kikombe kilichovunjika mkono, nikiunguza vidole. Siku niliyothubutu kuomba kizima, mama alinitazama kana kwamba nimeomba nyumba.

"Wewe si mgeni," akasema.

Nikavimba kichwa. Nilikuwa na miaka saba, nami nikaamua kwamba huko ndiko kupendwa: mtu akikupenda kwelikweli, hahangaiki nawe.

Ujinga huo niliubeba mpaka Birmingham, nikaolewa nao. Mume wangu alikuwa mkarimu kupindukia, kwa wenzake. Baada ya harusi moja kule Erdington aliwajaza rafiki zake kwenye gari, kisha akashusha kioo. "Wewe panda basi tu, mke wangu. Huna makuu." Mvua inanyesha, na mimi nina mimba ya miezi saba. Nami, mpumbavu wa mwisho, nilisimama kituoni nikijivuna. Wale walikuwa wageni. Mimi nilikuwa wake. Ilinichukua miaka tisa kumwacha, na kwa sababu ya miaka hiyo namchukia mama kuliko ninavyomchukia mume huyo.

Mwaka jana mama akaja kututembelea mtaani kwetu Sparkhill, huko huko Birmingham. Nilijiandaa wiki nzima, na sifichi, nilijiandaa kwa ubaya. Alasiri ya kwanza nilimpa binti yangu chai kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Vikombe hivyo nilivinunua madukani Stratford Road, na kwangu ndivyo vya kila siku. Kisha nikamwekea mama kikombe kilichovunjika mkono. Nilikuwa nimekitoa kwenye taka kwa ajili yake. Chai ilikuwa inafuka moshi.

"Wewe si mgeni, mama," nikasema, nikamkazia macho.

Nilitaka aone haya. Nilitaka alie mbele ya mjukuu wake.

Alikipokea kwa viganja viwili, akauma meno kwa ule moto, halafu uso wote ukamchanua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Safari nzima nilikuwa na wasiwasi, mwanangu, kwamba utanipokea kama mgeni."

Akanywa yote. Akaomba nyingine, kwenye kikombe kile kile.