Msiba Usiotaniwa

Jumamosi ile kambini Kibaha tulikula pilau mpaka mikanda ikalegezwa. Vijana walikuwa wanaondoka kwenda kulinda amani nchi jirani, na mimi, daktari wa akili wa familia zao, nilipewa nafasi ya kuwaeleza wake na mama zao namna ya kuishi na kusubiri. Nilijiandaa vizuri. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu nyuma yangu makoplo wawili walikuwa wanagombania paja la kuku.

"Mla mihogo, mwachie mwenye meno," alisema Masanja, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mla michembe, wewe na viazi vyenu vikavu, kuku umemjulia kwetu," alijibu Shabani, Mzaramo wa Marui, akalitia paja lote mdomoni.

Msukuma na Mzaramo ni watani, na hawa wawili walikuwa hawapumziki. Bi Mwanahawa, aliyetoka huko Marui, Kisarawe, kumuaga Shabani, mwanawe wa pekee, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Niliacha hotuba yangu nikacheka nao. Niliwapenda tangu siku hiyo. Daktari hatakiwi kusema hivyo, lakini mimi nimeshastaafu.

Shabani alirudi ndani ya jeneza. Mazishi ya Marui yalikuwa ya kijeshi: bendera, bunduki zikifyatuliwa juu, watu wamenyooka. Wasukuma wa jirani walipoanza kumwigiza marehemu, kama watani wanavyofanya msibani, ofisa mmoja aliwaomba kwa adabu wakae pembeni. Wakakaa. Bi Mwanahawa hakulia siku hiyo, wala miezi iliyofuata. Nilikuwa nikienda kumwona, ananipa chai, ananiuliza hali za wanangu, basi.

Masanja alirudi mzima, kwa maana kwamba viungo vyake vyote vilikuwepo. Alikuja kliniki yangu Kibaha, akakaa akitazama mikono yake. Hakumtania mtu tena. Mkewe, waliyekuwa wakiishi naye Visiga, aliniambia anaogopa hata kwenda dukani na kumwacha peke yake.

Siku alipoamua kusema, alisema kwa ufupi. Walikuwa wanavuka eneo la wazi, wanarudi kwenye gari. Risasi zikaanza kutoka msituni.

Masanja alifika nyuma ya gari kwanza.

Shabani alikuwa bado anakuja, mzigo mgongoni.

"Kimbia, Mzaramo," Masanja alimwita. "Hapa si ngomani."

Shabani akaanguka.

"Neno langu la mwisho kwake lilikuwa la kumcheka, Dokta," aliniambia. "Mama yake nitamtazamaje?"

Hilo ndilo lililokuwa linammaliza. Vidonge vyangu vilimpa usingizi tu. Nilifikiria kumpeleka Marui, nikaogopa. Mama angeweza kumfukuza, na niliamini kabisa kwamba mgonjwa wangu asingevuka hilo akiwa hai. Lakini mambo mengine yote nilikuwa nimeshayajaribu. Nilipomuuliza, alisema atakwenda, ila nikae karibu naye.

Tulimkuta Bi Mwanahawa uani anamenya mihogo. Masanja akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe Msukuma wake." Hakuacha kumenya. "Mwanangu kazikwa kama mgeni. Watani wake mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelazwa, mama."

Kisha akamweleza yote, mpaka lile neno.

Kisu kikasimama katikati ya muhogo.

Nikasogeza kiti changu karibu na Masanja.

"Na yeye alikujibu nini?" aliuliza mama.

Masanja alifumba macho, akitafuta.

"Alicheka, mama. Akasema, 'Wewe umezoea kukimbia fisi.' Alikuwa bado anacheka, ndipo..."

Hilo hakuwahi kuniambia. Nadhani hata yeye alikuwa hajalikumbuka, mpaka alipoulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza.

"Alicheka," alisema Bi Mwanahawa, polepole. Akaweka kisu chini. "Basi inuka, baba. Msiba wangu haujataniwa."

Masanja aliinuka kwa shida. Alisimama hapo muda mrefu hata nikadhani ataondoka. Halafu akatembea uani miguu nje, tumbo mbele, Shabani yule yule, akachungulia kwenye sufuria.

"Mama, mihogo hii ni yangu peke yangu? Au na yule mla michembe naye anakula?"

Bi Mwanahawa akacheka. Kicheko kikamgeukia kilio, kilio kikubwa cha mtu aliyekizuia muda mrefu, na Masanja akakaa chini vumbini karibu naye, wakalia pamoja. Mimi nilichukua kisu nikaendelea kumenya, kwa sababu lazima mtu apike.

Sitasema walipona. Masanja mpaka leo hulala taa ikiwaka, na mama aliendelea kufungua mlango kila akisikia gari. Lakini Masanja alikuwa akienda Marui kila sikukuu kutukanana naye, na mkewe akaweza kwenda dukani.

Mwaka jana Bi Mwanahawa alifariki. Wanaume walipoinua jeneza kutoka uani, Masanja, sasa mwenye mvi, alilala chali njiani mbele yao, akakataa kuinuka mpaka apewe jogoo, ada ya mtani. Alisema marehemu alikuwa mchoyo wa mihogo kupita Wazaramo wote. Watu walicheka, na mimi nilicheka huku nalia. Jogoo akaletwa.

Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaweka bega lake chini ya jeneza.

"Taratibu, mama," alisema. "Hakuna anayekukimbiza."