Turbo Lazima Ipoe

Jirani yangu ana gari la mbio la Kijapani, jeusi, na akirudi jioni hazimi injini. Anabaki ndani, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mtoto mchanga akipumua, na moshi wote unaingia jikoni kwangu. Nikilalamika, ananijibu kwa upole unaokera: "Vumilia kidogo, dada. Ukizima ghafla, turbo inakufa. Lazima ipoe." Na mapafu yangu, nani atayapoza? Kisha anashuka na kitambaa chake laini, analifuta taratibu, hata pale ambapo vumbi halijawahi kufika.

Jana mama yake alikuwa anakwenda kliniki, magoti yamevimba. Alilifikia gari akijikongoja na fimbo yake, akaegemea boneti apumzike.

"Mwanangu, si unifikishe tu?"

"Mama, injini bado ya baridi, haitaki kuharakishwa. Na hiyo fimbo itakwaruza mlango. Nimekuitia pikipiki."

Pikipiki, jamani! Kwa magoti yale! Niliacha sufuria motoni, nikatoka kumshika mkono. Tulipofika getini nikageuka nyuma. Mwanawe alikuwa ameshaliinamia boneti na kitambaa chake, anafuta alama ya kiganja cha mama yake.