Sukari ya Mchango

Mdogo wangu alikuwa na kichwa, mimi nilikuwa na mdomo. Ndivyo mama alivyokuwa akitutambulisha sisi binti zake wawili kwa wageni pale Arua, na hakuna aliyebisha. Yeye alifundisha sayansi katika shule ya sekondari. Mimi nilidarizi mashuka na kuyauza sokoni, na mteja aliyegusa shuka langu kwa mikono michafu alinisikia. Basi chuo kimoja cha Uingereza kilipomkubali akasomee shahada ya udaktari, juu ya namna ya kufundisha sayansi katika shule zisizo na maabara, yeye alikaa kitandani ameshika tama, na mimi ndiye niliyetoka nje nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kwetu pamezaliwa mtoto.

Chuo kilimsamehe ada. Hakikumsamehe nauli, wala chakula, wala koti la baridi. Serikali yetu ilikuwa na shughuli zake, za bunduki zaidi, na mtu hakwenda ofisini kuomba fedha za kigeni akarudi na amani moyoni. Nafasi yake ingemngoja mpaka muhula ufunguliwe, halafu apewe mwingine. Tukasema, haya, tutachanga.

"Daktari gani huyo hatibu watu?" mama akauliza.

"Atatibu walimu," nikamjibu. "Wagonjwa wapo tele."

Alikuwa mwalimu kweli, wallahi. Tangu Wahindi wafukuzwe na maduka yabaki rafu tupu, dawa za maabara zilikuwa haziletwi tena shuleni. Yeye akachemsha karkade, yale maua mekundu ya kinywaji, jikoni kwetu, akayapeleka yale maji mekundu darasani. Ukitia ndimu, wekundu unazidi. Ukitia maji ya jivu, yanageuka kijani. Wasichana walipiga kelele hata mkuu wa shule akaja mbio akidhani kuna nyoka. Mama alinung'unika kwamba karkade ya wageni inakwisha kwa michezo ya watoto. Mimi nilijivunia mdogo wangu siku ile kuliko siku ya mahafali yake.

Mchango wa Arua ulikwenda kwa kujikokota. Noti watu hawakuwa nazo, na waliokuwa nazo hawakuona cha kununua. Kwa hiyo walitoa vitu. Huyu mche wa sabuni, yule chupa ya mafuta, mwingine debe la simsim kutoka Pajulu, mwingine kuku aliyefungwa miguu. Nilivibeba mpaka Ariwara, ng'ambo ya Kongo, nikaviuza, nikarudi na fedha za kigeni nimezishona ndani ya pindo la gurbaba yangu, lile vazi letu la kujifunga kiunoni. Askari wa mpakani walinijua kwa matusi. Waliniacha nipite ili wapumzike.

Hata hivyo nauli ilikuwa mbali bado. Ndipo mjomba wetu, kaka yake mama, akaja kutoka Koboko akacheka alipoona tulivyokusanya.

"Hapa munaokota punje moja-moja," akasema. "Kuja Koboko. Kule jeshi iko. Na pahali jeshi iko, mfuko iko."

Mdogo wangu hakutaka. Alisema afadhali aondoke kama mtu anayekwenda sokoni, bila ngoma, bila watu kujua. Mjomba akamuuliza kama ameiba kitu hata atoroke. Mama naye alitamani mwanawe achangiwe mbele ya ndugu zake, pale alipozikwa baba yetu, askari wa zamani. Mdogo wangu akaanza kufunga mizigo. Kwa wakubwa alikuwa hana ulimi kabisa.

Siku ile kiwanja cha mjomba kilijaa. Wanawake walicheza, mkeka ukatandikwa, na kila aliyetoa kitu mjomba alilitangaza jina lake kwa sifa mpaka mwenyewe akaona haya. Mama aliketi mbele ya mkeka. Kazi yake ilikuwa kupokea. Chumvi, asante. Kahawa, Mungu akuongezee. Kitambaa cha meza, ee mwanangu, asante. Tangu asubuhi alikuwa akipokea na kushukuru, macho yanang'aa kama ya bibi harusi. Sikuwa nimemwona na furaha hivyo tangu baba afe.

Mchana gari la jeshi likasimama nje, na ngoma ikajikata yenyewe. Akashuka kapteni mmoja wa palepale Koboko, mtu mzima, ana wake nyumbani na ana sauti ya chini. Alimwita mdogo wangu akamuuliza ataenda kusomea nini. Maskini, yule mtoto akamweleza! Alimweleza kwa kirefu, kwa mikono yote miwili, kama alivyozoea darasani. Kapteni akasikiliza akitabasamu, kisha akawaashiria askari wake kwa kidole. Wakashusha gunia zima la sukari, kitambaa kizuri kilichokunjwa, na chupa ya manukato. Hawakuviweka kwenye mkeka pamoja na vitu vya wengine. Waliviweka miguuni pa mama.

Sasa sikilizeni, maana mgeni hawezi kujua. Kwetu, mwanamume akimtaka binti, hatamki. Analeta sukari, kitambaa na manukato, anaviweka miguuni pa mama wa binti. Mama asipotaka, havigusi. Vinakaa palepale kwa adabu mpaka mwenyewe atume watu wavichukue, na hakuna aliyetukanwa. Lakini akilifungua gunia, amejibu.

Mama aliijua desturi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Ila tangu asubuhi alikuwa akipokea, mkono umezoea, mdomo umezoea. Na sukari! Miaka ile sukari ilikuwa kitu cha kuota. Tulikunywa chai chungu tukijidai ndivyo tunavyoipenda. Mama alipoona gunia zima alipiga kigelegele, akaita kisu, akawaambia wanawake walete mabakuli. "Mwanangu amechangiwa sukari!" alikuwa akisema. "Kila mutu apate!"

Ajuza mmoja, habuba wa jirani, alinikamata mkono karibu na jiko. Kucha zake ziliniingia.

"Hiyo hapana mchango," akaniambia. "Hiyo posa."

Nilikimbia, wallahi nilikimbia nikiwasukuma watu. Nilipofika, gunia lilikuwa limekwisha kukatwa, mama ameingiza kikombe ndani anagawa, na kapteni amesimama kando anakunywa chai ya kwanza. Mdogo wangu hakuwa akimtazama kapteni. Alikuwa akimtazama mama.

Mama alielewa jioni, watu walipoondoka na manukato na kile kitambaa vikabaki pale chini. Hakulia. Alianza kuikunja mikeka, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka nikamshika.

Juma lililofuata wakaja wajumbe kuuliza siku ya ndoa. Walikuwa na adabu, na bunduki. Mjomba aliyekuwa na sauti ya kutangaza majina ya watu sasa alikuwa akiitikia tu ndiyo, ndiyo. Walipotoka, mdogo wangu akasema turudishe sukari. Gunia kwa gunia, tuseme mama ni mzee, alikosea. Pengine angekubali.

Mchango ukaanza upya, safari hii wa kuomba sukari. Nilipita nyumba zilezile zilizotuchangia. Wanawake walitoa walichobakiza, vijiko vijiko, mwingine ameikung'uta kwenye karatasi. Mmoja alitaka kunipa iliyowekwa kwa uji wa mtoto mgonjwa, nikamgombeza, nikamrudishia. Hata nusu ya ndoo haikufika. Na dukani ungeitafuta wapi? Sukari yote ya mji ilikuwa mikononi mwa jeshi.

Mdogo wangu akaleta fedha zote za mchango, akazimwaga mapajani mwangu.

"Nenda Ariwara, dada. Nunua gunia."

"Hii ni nauli yako!"

"Nauli ya kwenda wapi, kama siachiliwi?"

Nilinunua gunia la sukari Ariwara kwa nauli ya Uingereza. Nilimtukana mwenye duka, nikamtukana mwenye baiskeli aliyelibeba, nikayatukana mawe ya njia za porini mpaka tukatokea Midia. Fedha ilibaki kidogo sana. Usinione mkali bure. Ningenyamaza njiani ningelia, na ningelia nisingefika.

Kapteni alitupokea barazani kwake, mimi na mjomba. Akalitazama gunia bila hasira yoyote.

"Hii sukari iko ya nani?"

"Yako, afande," mjomba akasema. "Mama alikosea. Tunarudisha."

"Hii hapana yangu. Yangu iko kwa tumbo ya watu." Akapiga funda la chai. "Nani walikunywa? Leta yao hapa, moja-moja. Wao nasema kwa mdomo yao kama walikunywa posa yangu bure. Kama hapana, mimi nangoja siku ya harusi."

Tulijua maana ya watu kuitwa pale. Walioitwa mmoja-mmoja miaka ile, wengine hatukuwaona tena. Mjomba aliinama hadi kofia ikaanguka. Kapteni akasema gunia tuliache, litafaa.

Nilirudi nikamwambia mdogo wangu kila neno. Nikamwambia Kongo iko karibu, njia naijua, twende sasa hivi na viatu tulivyovaa. Nilimpigia kelele. Alikuwa akiosha vyombo, na aliendelea kuosha.

"Na mama?" akaniuliza. "Na waliokunywa? Wote wale walinichangia, dada. Hakuna aliyekuja mikono mitupu."

"Hawakukuchangia uozwe!"

"Najua."

Akajifuta mikono akaingia ndani kwa mama, akamwambia amekubali, akamwambia kapteni ni mtu mzuri. Nilisikia kupitia ukutani. Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya kuwatuliza watoto wanaoogopa moto wa maabara. Nilimchukia kapteni, nikamchukia mjomba, na kwa siku kadhaa nilimchukia hata mama, Mungu anisamehe, mzee wa watu ambaye kosa lake lilikuwa kufurahi.

Chai ya harusi ilitiwa sukari ile ya Ariwara. Watu walikunywa wakiangalia chini. Mama aliishika glasi yake mpaka ikapoa. Muhula ulifunguliwa huko Uingereza mdogo wangu akiwa mjamzito, na kapteni alisema mke wake hatasimama mbele ya watoto wa watu na chaki mkononi. Nilipokwenda kumtembelea alinipikia vizuri, akaniuliza habari za Arua, za soko, za mashuka. Shule hakuuliza.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ile ikaanguka. Wanajeshi walirudi Koboko kwa malori, wamechoka, wametupa sare, na nyuma yao zikaja habari kwamba askari wapya wanaokuja wanalipiza kisasi kwa kila mtu wa huku. Kapteni alijaza gari lake vitu, akaingia na mke mkubwa, akakimbilia Sudan. Mdogo wangu hakupata nafasi garini. Nilimkuta uani kwake na watoto wawili na kitita cha nguo. Mama nilikuwa nimekuja naye kutoka Arua. Tukashika njia ya Midia kwenda mpakani, pamoja na mji mzima.

Mimi, nitasema ukweli, nilikuwa nimefurahi. Katikati ya vumbi na vilio nilikuwa nimefurahi. Nikamwambia: sasa umeachiliwa. Tukivuka, uwaandikie wale wa chuo, uwaeleze yaliyotokea. Wamekukubali mara moja, watakukubali tena. Kichwa ni kilekile.

Alitembea kidogo, amemshika mama mkono, mtoto mdogo mgongoni.

"Na nani atanichangia, dada?"

Nilifungua mdomo. Mbele yetu, nyuma yetu, walikuwa wao: mwenye sabuni, mwenye mafuta, yule wa uji wa mtoto, mwenye kitambaa cha meza, godoro kichwani, sufuria mkononi, wengine hawana hata hicho. Nikampokea mtoto nikamfunga mgongoni kwangu, maana yeye alikuwa amechoka.