Mavuno ya Zabibu Shambani kwa Elia

Mdogo wangu Elia alifariki Dodoma, akazikwa hukohuko bila sisi kufika. Baada ya matanga, baba zetu wadogo walikaa kikao kijijini kwetu Hasamba wakaamua niende kumchukua mjane wake na mtoto, niwalete nyumbani. Mimi ndiye dada mkubwa. Hakuna aliyeniuliza naonaje.

Alfajiri nilipanda basi Vwawa, ukungu ukiwa bado umelalia kahawa. Nililala Iringa. Kesho yake tulishika barabara ya Mtera, joto likizidi kadiri tulivyoteremka.

Dodoma tulifika jioni. Mama Neema, mke wa Elia, alinipokea stendi akiwa na nguo nyeusi. Tulilia kwanza. Kisha akanipeleka kaburini, pembeni mwa shamba lao. Nilidhani mizabibu ni miti mirefu, kumbe hutambaa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo, katika mchanga mwekundu ambao kwetu asingeutaka mtu.

"Wifi, nimetumwa nikuchukue," nilimwambia.

Hakukasirika. "Zabibu zimeiva, wifi. Tukichelewa ndege watazimaliza. Tuvune kwanza, halafu tuongee."

Asubuhi tulikata vichala kwa mikasi, tukitoa zabibu zilizooza. Nyuma ya nyumba tukaziponda ndani ya mapipa, maji yake na maganda pamoja. Baada ya muda povu lilipanda, pipa likawa linachemka bila moto. Mama Neema alilikoroga asubuhi na jioni, akiyazamisha maganda. Alinieleza kwamba yakishachujwa, maji hufungiwa kwenye chombo kisichoingiza hewa, yakatulia kwa miezi mpaka yawe mvinyo. Mimi divai nilikuwa naijua kwa lile tone la kanisani tu.

"Mche wa kwanza Elia aliupanda tukiwa wachumba," alisema, mikono imekuwa myekundu mpaka viwikoni. "Nikiondoka, nimwachie nani? Kwenu nitakaa tu, nihurumiwe. Hapa nina kazi."

"Na Neema?"

"Neema ni mtoto wenu. Likizo nitamleta mwenyewe. Siukatai ukoo, wifi."

Nilikaa mpaka tukachuja, nikaondoka peke yangu. Njia nzima niliwaza jinsi tulivyokaa kule Hasamba tukimpangia maisha mtu ambaye hatujawahi kuona hata siku moja anavyoishi.

Hasamba walikuwa wananingoja.

"Mwenzio yuko wapi?" aliuliza baba mdogo, yule mkubwa wao.

"Amebaki, baba. Anaendeleza shamba la Elia. Nimeona si haki kumng'oa pale."

Mmoja wao alinyanyuka akatoka nje bila kuaga. Baba mdogo aliinamisha macho.

"Kaburi umeliona?"

"Nimeliona. Analipalilia mwenyewe."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Basi tutakwenda sisi," alisema. "Hatujampa hata pole."