Joto Yenye Haikukuwa Homa

Nimeosha bajukuu tisa. Ninajivuna nayo, na sitaomba mutu ruhusa ya kujivuna. Katika jamaa yetu, binti akizala, mama yake njo anaenda kumukanda tumbo na maji ya moto na kumupikia buyi, ile uji ya kuleta maziwa. Na mutoto, mupaka kitovu ianguke, anaoshwa na mukono moja tu, ya mukaka wake, nyanya mwenye alizala mama yake. Bote tisa balipita mu mikono hii. Hakuna ata mumoja alikunywa maji na pua.

Wa kumi njo nilikuwa ninangoja kupita bote, juu alikuwa wa binti yangu wa mwisho, mwenye aliolewa Beni. Siku alinipigia simu kusema eko na mimba, sikumuacha amalize.

"Usiite mutu mwingine," nilimuambia. "Mie njo nitakuya."

"Mama mukwe yangu eko hapa karibu, mama."

"Mama mukwe apike. Kuosha ni kazi yangu."

Ule mama mukwe yake ni mwanamuke muzuri, muprotestanti wa kuimba mu korali. Mie ni mukatoliki, sijui kuimba, tunapatana. Mais kila mutu na kazi yake.

Tabu ilikuwa mwili.

Ilianza na joto. Butembo ni kwa baridi, asubui ukungu inalala juu ya mabati na kila mutu anavwala triko. Mie nilikuwa ninatosha triko, ninatosha kitambala mu kichwa, ninajipepea na kifuniko ya sufuria. Nilikuwaka ninauzisha mboga, shu na puaro, yenye inashuka kutoka Kipese na malori. Jasho ilikuwa inatiririka juu ya mashu mupaka baclient banazania nimeyanyunyizia maji. Damu ya mwezi ilikuwa imekatika mwaka moja mbele, donc benzangu ba sokoni balijua kila kitu.

"Yaya, dada yetu, umepata bwana mupya?"

"Wa zamani alikufa. Huyu mupya atatoka wapi?"

"Basi nani anakuchemusha vile?"

Tulicheka mupaka mwenye kuuzisha samaki akaulizia kuna nini. Kisha mukubwa wetu, mwenye alipita mu ile njia zamani, akanishika mukono akasema: "Ni mwili inafunga mulango. Inafunga na moto. Vumilia myaka mbili, tatu, itatulia."

Nilimuamini. Nikatia yote mu kifuko moja. Roho inapiga sawa mutu mwenye anapanda mulima, na mie niko nimekaa: ni kufunga mulango. Mikono inatetemeka mupaka siwezi kupitisha uzi mu sindano: ni kufunga mulango. Ninakula ya batu babili na kikwembe inaniteleza mu kiuno, macho inatoka inje sawa ya chura: mulango tena. Mulango gani ile, yenye kufungwa inaangusha nyumba yote? Sikuuliza. Hakuna mutu aliuliza.

Mimba ya binti yangu ilipofika mwezi ya tisa, Ebola ilikuwa kwetu. Kila duka, kila kanisa na ndoo yake ya maji ya klore. Mu barabara ya Beni, kwenye bariere, unashuka mu taksi, unaosha mikono, unasimama mbele ya mutu mwenye anakuelekeza kile kintu cha kupima joto, sawa bunduki kidogo. Mwenye kuonekana na homa anapelekwa mu mahema ya kutenga bagonjwa. Siye batu ba huku tuliogopa mahema kuliko ata ugonjwa. Na mie joto ilikuwa inanikamata mara sita, mara nane kwa siku. Ikinikamata kwenye bariere?

Mulamu wangu, dada ya marehemu bwana yangu, njo alileta akili.

"Kile kintu inapima paji ya uso tu. Loanisha kitambaa na maji ya baridi, kifunge chini ya kitambala. Ukikaribia bariere, sukuma kitambala nyuma kidogo. Paji itakuwa baridi sawa samaki."

"Na wakiona?"

"Nani atakufungua kichwa, mwanamuke muzee kama weye?"

Tulijiona bajanja sana. Asubui ya safari nilifunga ile kitambaa, nikameza paracétamol mbili juu yake, nikabeba kuku na unga ya buyi, nikaingia mu taksi.

Kwenye bariere, musichana wa kupima alinielekeza ile bunduki yake, akaangalia namba, akaangalia mie.

"Mama, haufike ata makumi tatu na tano. Uko baridi kuliko mutu."

Alikuwa ananiachilia. Ninaapa, mukono yake ilikuwa imeshaonyesha njia. Mais joto ikanipanda palepale, jasho ikakutana na maji ya kile kitambaa, ikashuka yote juu ya pua.

"Iko nini chini ya kitambala, mama?"

"Nywele."

"Nywele inavuja?"

Batu ba taksi balicheka. Akaniomba nifungue. Nilikataa. Akaomba tena, na sauti ya kipole, na mikono yangu ikaanza kutetemeka kwenye fundo. Kitambaa ikaanguka chini ya miguu yetu, *pwa*, na kicheko ikakatika. Bale batu benye tulikuwa tumegusana mabega tangu Butembo, kila mumoja akarudi nyuma hatua tatu.

"Unaficha homa, mama."

"Hapana homa! Ni ménopause!"

"Ménopause iko upande gani?" mubaba mumoja akauliza. "Mabalako, kwenye Ebola ilianzia?"

Sikucheka. Baliona macho yangu, baliona mikono, balipima roho yenye inakimbia. Mutu mwenye hana kitu, juu ya nini anajifunga kitambaa ya maji mu kichwa? Ata mie, ningekuwa kule upande yao, ningejikamata. Taksi iliondoka. Kuku yangu ilifika Beni, mie hapana.

Mu hema, banakutolea damu, unangoja, kisha siku mbili banatoa tena. Banaingia na nguo ya plastike, unaona macho tu. Hawakunitendea mubaya. Balinipatia chakula, balinipatia simu. Na kwa ile simu njo nilisikia binti yangu amezala.

"Ni musichana, mama."

"Asante Mungu. Nani anaosha?"

Akaanza kunieleza uzito ya mutoto.

"Ninakuuliza, nani anaosha?"

"Mama mukwe."

"Sawa," nilisema. Nikamurudishia mwenye simu simu yake. Nilitaka kulia, mais nilikuwa na jasho mingi vile sikujua machozi ni gani.

Kulikuwa munganga mumoja, mwanamuke, sauti ya kitoto ndani ya ile plastike. Siku ya tatu alinishika shingo na vidole.

"Mama, meza mate."

"Mate gani? Kinywa imekauka."

"Meza tu."

Nikameza. Akashika tena. Akanieleza kama mu shingo kuna glande yenye inaitwa tiroide, na yangu imevimba, inakimbiza mwili sawa shofere mwenye hana frein ya kusimamisha gari. Akasema pengine ni myaka mbili iko vile.

"Na ile ya kukatika kwa mwezi?"

"Nayo iko. Zote mbili ziko pamoja."

"Basi hii joto ni ya nani? Ya shingo ao ya tumbo?"

"Mama, ata mie siwezi kukugawanyia."

Yeye mwenye kusoma. Nikamuangalia yale macho, nikaona hanidanganyi, na njo ile iliniogopesha.

Balinipatia karatasi yenye inasema sina Ebola. Nikafika nayo Beni sawa mutoto mwenye anarudi na bulletin ya masomo. Mukwe wangu mwanaume akaisoma, akaikunja, akanirudishia na mikono mbili, na heshima.

"Mama, tunaamini. Mais tungoje siku makumi mbili na moja, zile banangojaka juu ya Ebola. Juu ya mutoto."

Ningesema nini? Kama ni mie, ningesema vile vile. Nilikaa kwa jirani. Asubui asubui nilikuwa ninasikia, kupita lupango yenye inatutenganisha, maji inamwagika mu basani na ule mama mukwe anaimba korali yake. Siku balinipatia mutoto, kitovu ilikuwa imeshaanguka zamani. Nilimupakata. Alikuwa amezoea mukono ingine.

Nilizania taabu itaisha na vidonge vya tiroide. Sasa nitakuambia vile vidonge vinafanyaka. Damu yangu inatoka Butembo inaenda kupimwa Goma. Wakati barabara inakatika, inangoja. Jibu inarudi kisha mwezi, na munganga anasoma, anasema: ongeza. Mais anasoma mwili ya mwezi iliyopita. Ile ya leo haiulize mutu. Niliongeza. Kisha baridi ikaingia mu mifupa, mie mwenye nilikuwa ninajipepea nikaanza kuvwala triko mbili mu jua kali. Uso ikavimba, sauti ikawa ya mwanaume, ninasinzia juu ya mashu. Benzangu balinicheka mupaka bananiita "mulinzi".

"Mulinzi, amuka, client iko!"

Balisema: punguza. Nilipunguza, joto ikarudi. Siku ingine pharmacie inasema haiko, rudi kisha wiki, na hakuna mwenye anaweza kuniambia mwili itafanya nini ndani ya ile wiki. Anfirmiye moja, mwenye kusaidia munganga, aliniambia nipunguze kula shu, ati inavimbisha shingo. Nikamuangalia. Shu njo ilisomesha batoto bangu bote.

Na kila mara ninauliza ile ulizo yangu. Hii kulia bila sababu, ni ya tiroide ao ni ya kukatika kwa mwezi? Hii kusahau? Hii kasirani yenye ilinifanya nimutukane mulamu wangu mbele ya batu, yeye mwenye ananipenda? Banajibu: ni zote mbili. Banajibu: ni myaka, mama. Mu kikundi yetu ya kanisa banamuke balipiga magoti kuniombea. Niliwashukuru. Joto ilinikamata katikati ya *Amina*.

Mie ni mutu wa kazi. Nipatie jembe, nitakuonyesha shamba. Nipatie ugonjwa yenye iko mbele yangu, nitapigana nayo. Mais hii, leo iko moto, kesho ni baridi, na yote inavwala uso yangu. Utaishika wapi?

Mwaka huu binti yangu alikuya kuzalia Butembo, juu kule Beni hakutulie. Alishuka na tumbo mbele, akaweka mufuko yake mu chumba yangu, akasema: "Mama, huyu wa pili ni wako. Nimeshaambia kila mutu."

Mama mukwe yake alikuya naye. Alikaa mu kona na mikono juu ya mapaja. Aliniheshimu vile. Ninamushukuru.

Mutoto alitoka muzuri, kijana, na nywele mingi. Asubui yake nilitia mukaa, nilichemusha maji, nikaipunguza na ya baridi mu basani. Mikono siku ile haikutetemeka. Nilikuwa nimeomba kwa ile tu, isitetemeke. Nikatia kisukusuku ya mukono mu maji, vile mama yangu alinifundisha, juu kisukusuku haidanganyi. Maji ilikuwa fufutende, vuguvugu ya kitoto kabisa. Nikamufungua mutoto, nikamushika kichwa na mukono ya kushoto, nikamushusha.

"Mama!"

Binti yangu aliruka ku kitanda, yeye mwenye alizala jana. Alinishika mukono mbele mutoto afike. Alikuwa amenyoosha mukono toka kitandani, ametia kidole mu basani pembeni yangu, na kile kidole kilikuwa chekundu.

"Mama, maji inachoma! Husikie?"

Nikatia mukono yote. Nikaiacha ndani. Ninakuambia kweli yangu, mie mwenye nilioshaka batoto na macho yamefungwa: nilisikia fufutende. Ngozi ya mukono ilikuwa inageuka rangi mbele ya macho yangu, na mie ninasikia fufutende.

Hakuna mutu alinikemea. Ingekuwa afazali. Binti yangu alimukamata mutoto kipole, mama mukwe yake akasimama mu kona, akabaki amesimama tu, anangoja. Binti yangu alimwaga maji ya baridi kikombe moja, kikombe mbili, akakoroga. Kisha, juu ananiheshimu, juu hakutaka nione haya mbele ya mugeni, akarudisha basani mbele yangu.

"Mama, angalia. Sasa iko muzuri?"

Nilitia kisukusuku. Nilingoja, sawa mutu anasikiliza redio yenye haikamate. Bote babili banangoja na mie, mutoto ameanza kulia na baridi.

"Uliza mama mukwe yako," nilisema.